Somo la Biolojia Lianzie Kwenye Mikoko

Mtoto aliyekulia Tongoni, kusini ya mji wa Tanga, hutofautisha mchu na mkandaa, aina mbili za mikoko, bila kufundishwa. Mtoto huyohuyo akifika sekondari hukariri maana ya osmosisi, yaani maji kupenya utando wa seli kuelekea upande wenye chumvi nyingi zaidi, akapata alama zake, na asijue kwamba mchu alioukwea tangu utotoni ndio somo lenyewe.

Sisi tunaoshughulika na mitaala tuna sehemu yetu katika hilo. Tumezoea kumwanzisha mwanafunzi na majina, maswali yakaja baadaye au yasije kabisa.

Ndugu mzazi na mwalimu, hebu tugeuze. Maji ya bahari yakipwa, wapelekeni wanafunzi kwenye mchu. Wapanguse jani kwa kidole na kuonja: lina chumvi. Imefikaje juu? Maji ya bahari yana chumvi nyingi, na kwa kawaida chumvi huvuta maji kutoka kwenye seli. Basi mti huu unakunywaje? Hapo ndipo osmosisi inapohitajika, na mwanafunzi ataidai mwenyewe. Ataelewa kwamba mizizi huzuia sehemu kubwa ya chumvi, na inayopenya hutolewa na tezi za majani. Ataviona pia vile vijiti vilivyochomoza topeni, ambavyo ni mizizi inayopumua, kwa kuwa tope la pwani halina oksijeni ya kutosha. Wajadiliane kwanza kwa Kiswahili. Istilahi za Kiingereza wazipate wakiwa tayari wana jambo la kuzitundikia.

Selimundu, ugonjwa wa kurithi unaozipa chembe nyekundu za damu umbo la mundu, nayo inatufundisha kuhusu mpangilio wa mada. Kwa utaratibu tuliouzoea, damu husomwa kidato cha pili na urithi kidato cha nne, malaria ikawa mahali pengine kabisa. Katika mwili wa mtu ni habari moja. Mwaka 1954 mtafiti Anthony Allison alionyesha, kwa utafiti wa Afrika Mashariki, kwamba aliyerithi kinasaba cha selimundu kutoka kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana kinasaba hicho kimedumu kwenye maeneo ya malaria kama yetu. Wazazi wawili wenye kinasaba hicho kimoja kimoja, kila ujauzito una uwezekano wa 1 kati ya 4 wa mtoto mgonjwa. Kijana anayemaliza shule bila kulielewa hili tumemnyima elimu atakayoihitaji siku ya kuchagua mwenza.

Na silikanti? Samaki aliyedhaniwa kutoweka pamoja na dinosaria, hadi alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938, amekuwa akinaswa na majarife ya wavuvi wa Tanga tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mageuko ya viumbe yatafutiwe mfano gani tena?

Yote haya yanataka muda, kwa hiyo lazima kitu kipunguzwe. Mimi ningepunguza orodha ndefu za uainishaji wa viumbe, ambazo husahaulika mara tu mtihani unapopita.

Mitaala mipya iliyoanza kutumika 2024 inasisitiza umahiri, na hilo ni jema. Ila mwalimu hufundisha kinachotahiniwa. Swali likiwa "taja" na "fafanua maana", darasa halitatoka nje. Mpeni mtahiniwa majani mawili ya mchu, moja la mti wa karibu na maji, jingine la mbali, aeleze angepimaje lipi linatoa chumvi zaidi, na kwa nini apime majani mengi badala ya hayo mawili tu.