Azimio la pongezi si sheria

Bunge la Marekani, yaani Kongresi, likipitisha azimio la kuadhimisha uhuru wa nchi rafiki, haikawii kusikika kwamba Washington sasa inabanwa kisheria kuilinda au kuifadhili nchi hiyo. Ni dhana ya siku nyingi, na si kweli.

Azimio likitoka Baraza la Wawakilishi peke yake, au Seneti peke yake, ni kauli ya chombo hicho tu. Lipo pia linalopitishwa na mabaraza yote mawili bila kupelekwa kwa rais. Nalo halina nguvu ya sheria. Kinachochanganya watu, nadhani, ni aina ya tatu, ambayo huenda kwa rais kutiwa saini kama muswada na kuwa sheria. Azimio la Ghuba ya Tonkin la 1964, lililofungua njia ya vita vya Vietnam, lilikuwa la aina hiyo. Pongezi za uhuru kwa kawaida hazifiki huko.

Fedha za misaada hutengwa kwa sheria za matumizi. Ahadi ya ulinzi hukaa kwenye mkataba, kama ule wa 1949 wa NATO, muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi, na mkataba huhitaji kuidhinishwa na theluthi mbili ya maseneta waliohudhuria.

Soma azimio lenyewe: aya nyingi za "kwa kuwa" zikisimulia historia, kisha vitenzi laini kama linapongeza, linatambua, linathibitisha urafiki. Kidiplomasia ni ishara nzuri, na mabalozi huithamini. Ila hutaona popote kiasi cha fedha wala idadi ya askari.