Wali wa paella haukorogwi

Wengi wanaojiandikisha katika madarasa ya upishi wa Kihispania yanayoambatana na onyesho la flamenco (muziki na ngoma ya Kihispania) huamini kuwa wali wa paella hukorogwa mfululizo usiungue. Imani hiyo inaeleweka, kwani risoto, wali wa Kiitalia, hupikwa hivyo hasa.

Paella, chakula cha Valencia, mashariki mwa Hispania (flamenco ni ya Andalusia, kusini), ina njia yake. Nyama, mboga, nyanya na paprika vikishakaangwa kwa mafuta ya zeituni, hutiwa supu yenye zafarani na chumvi. Ikichemka, mchele hutandazwa sawasawa, na kuanzia hapo mwiko huwekwa kando. Kikombe 1 cha mchele wa bomba (aina ya Kihispania yenye punje fupi) hunywa takribani vikombe 3 vya supu: moto mkali dakika 8 hadi 10, kisha mdogo dakika kama hizo. Ukikoroga, punje husuguana na kutoa wanga, wali unanata, na ukoko haushiki. Ukoko huo, socarrat kwa wenyeji, ndio utamu wenyewe.

Kinachounguza ni moto usioenea: kikaango kipana juu ya jiko dogo huungua katikati, pembeni punje zikabaki na kiini kigumu. Zungusha kikaango chenyewe.

Ukitaka kuhakikisha, pika kiasi kilekile katika vikaango viwili, ukoroge kimoja tu, kisha ubonyeze punje za kila kimoja vidoleni. Dakika ya mwisho tega sikio: mchemko hugeuka mlio mkavu wa kukaangika. Ukinusa harufu ya mkate uliobanikwa, epua, funika kwa kitambaa dakika 5. Harufu ikiwa chungu, umechelewa.