Ganzi au kukosa nguvu? Kuelewa magonjwa ya mishipa ya fahamu

Mtu akisema "nina tatizo la mishipa," bado hajakueleza kitu. Huenda ni mishipa ya damu, huenda ni ngiri, huenda ni ya fahamu. Hapa nazungumzia mishipa ya fahamu, yaani neva, inayopeleka amri kwenye misuli na kurudisha habari za joto, maumivu na mguso.

Neva za pembezoni ni zile zilizo nje ya ubongo na uti wa mgongo. Mara nyingi zikiharibika, dalili huanzia vidole vya miguu, kwa kuwa neva zinazofika huko ndizo ndefu kuliko zote. Nyayo zinawaka moto, hasa usiku, hata shuka likigusa linauma. Kisha ganzi inapanda taratibu kama soksi inayovutwa juu. Tazama ndala za mgonjwa: ikichomoka moja naye akaendelea kutembea bila habari, usingoje dalili nyingine. Huyo anaweza kukanyaga msumari asubuhi akaugundua jioni.

Chanzo kikubwa ni kisukari. Vipo pia pombe ya miaka mingi, upungufu wa vitamini B12, virusi vya Ukimwi, na isoniazidi, dawa ya kifua kikuu inayopunguza vitamini B6 mwilini. Ndiyo maana mgonjwa huongezewa vidonge vya piridoksini, yaani vitamini B6 yenyewe. Tafadhali asiviache akidhani ni vya ziada tu. Ukoma nao bado upo kwetu, na unatibika. Baka la ngozi lisilohisi mguso lipelekwe kituo cha afya kabla vidole havijapinda.

Seli za neva zinazoamrisha misuli ni habari nyingine. Zenyewe zikifa, ganzi haipo. Mgonjwa anahisi kila kitu, ila nguvu hana: kifungo cha shati kinamshinda, ufunguo haugeuki, nyama iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada inakonda hadi pabaki shimo. Misuli inachezacheza chini ya ngozi, ulimi unakuwa mzito, maji yanampalia. (Kope ikikucheza peke yake, usiogope.) Polio huua seli hizi kwa siku chache. Ugonjwa uitwao kwa kifupi ALS huziua kwa miezi na miaka, na kwa wagonjwa wengi chanzo chake hakijulikani. Mwanafizikia Stephen Hawking aliambiwa anao ugonjwa huu mwaka 1963 akaishi hadi 2018, lakini wengi hawapati muda huo. Inaniuma sana mgonjwa wa namna hii anapozungushwa kwa waganga mwaka mzima, eti karogwa, huku misuli ikizidi kuisha.

Kuna hali moja isiyosubiri kupambazuke. Mtu aliyeharisha au kuugua mafua wiki chache nyuma, miguu inaanza kulegea, na ndani ya siku chache tu udhaifu unapanda hadi mikononi. Huenda ni Guillain-Barré, kinga ya mwili inashambulia neva zenyewe. Ukifika kifuani pumzi inakata, kwa hiyo mpelekeni hospitali usiku huohuo, hata kama bado anaongea vizuri.