Aliyejaza uwanja si lazima ashinde: dhana potofu kuhusu kampeni

Kila uchaguzi mkuu ukikaribia, maneno yaleyale hurudi vijiweni. Haya manne yanawapotosha wapiga kura na wagombea wenyewe.

"Aliyejaza uwanja ameshapita." Mwaka 2015 Edward Lowassa, aliyehama CCM, chama tawala cha Tanzania, na kugombea urais kupitia CHADEMA chini ya UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani, alivuta watu hadi mikutano yake ikaitwa mafuriko. Matokeo rasmi, ambayo aliyakataa, yalimpa asilimia 39.97, John Magufuli wa CCM alipata 58.46. Uwanjani huenda yeyote: mwanafunzi asiyetimiza miaka 18, aliyefuata wasanii, aliyeletwa kwa lori kutoka kata ya jirani, hata kada wa chama kingine aliyekuja kusikiliza. Kituoni anapiga kura mwenye jina kwenye daftari tu. Ndiyo maana naamini balozi wa nyumba kumi, anayejua nani kajiandikisha na nani kahama, ana thamani kuliko picha ya umati iliyopigwa kutoka kwenye helikopta.

"Kampeni ni kuwageuza wapinzani." Kazi nzito zaidi ni kumtoa nyumbani anayekukubali tayari. Tazama mwaka 2010. Waliojiandikisha Tanzania walizidi milioni 20, waliopiga kura wakawa kama milioni 8.6. Jakaya Kikwete alishinda urais kwa kura takriban milioni 5.3, wakati waliojiandikisha wasipige walizidi milioni 11! Idadi hiyo ni zaidi ya mara mbili ya kura za mshindi. Kuwaita watu hao wavivu ni kuwaonea. Kuna aliyepoteza kadi, aliyejiandikisha mkoa mwingine akakosa nauli, na aliyekata tamaa kwa sababu ahadi za safari iliyopita hazikutekelezwa. Kila mmoja anahitaji kuendewa kwake na kusikilizwa. Kipaza sauti hakimfikii.

"Mkubwa akishasema, watu wake watafuata." Kenya 2022, Rais Uhuru Kenyatta alimuunga mkono Raila Odinga. Eneo la Mlima Kenya, pamoja na Kiambu nyumbani kwa Uhuru, lilimpa William Ruto kura nyingi zaidi. Ruto alikuwa amelizunguka kwa miaka akizungumzia maisha ya mama mboga na watu wa bodaboda.

"Ukila cha mgombea, una deni la kura." Huna. Takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, iliruhusiwa kwenye sheria ya uchaguzi ya Tanzania mwaka 2000, na Mahakama Kuu ikaifuta mwaka 2006, kwa kuwa ilimbagua mgombea asiye na fedha na kuacha mwanya wa rushwa. Mwaka 2010 ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi, ya kudhibiti fedha za kampeni. Kinachoniuma ni kuona bado kuna mama wanaoapishwa baada ya kugawiwa khanga, au kutishwa kwamba kura yao itajulikana. Karatasi ya kura haiandikwi jina la mpigaji. Anayekuambia atajua ulimchagua nani anakudanganya.