Mvua za wastani ndo mvua gani?

Kila mwisho wa Oktoba hivi Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) wakishatoa mwelekeo wa mvua za msimu, utasikia mtu pale Kasulu anasema mwaka huu wametangaza wastani, basi tuko salama. Hapo ndo watu wengi tunaumia.

Msimu wenyewe kwanza. Kigoma mjini, Kasulu, Buhigwe mpaka Tabora hatuna vuli na masika kama Dar, tuna mvua moja ndefu, inaanza Novemba hivi inakwenda mpaka Aprili au Mei mwanzoni, baada ya hapo ni kiangazi na vumbi lake. (Kibondo na Kakonko TMA wanawaweka kwenye misimu miwili japo ni mkoa huuhuu.)

Sasa wastani. Wanachukua mvua za miaka mingi, kawaida 30, wanapata kiasi cha kawaida cha eneo, halafu msimu ukiangukia kati ya asilimia 75 na 125 ya kiasi hicho unaitwa wa wastani. Ni papana mno! Tuseme kwenu kawaida ni milimita 1000, basi 760 ni wastani na 1240 nayo ni wastani.

Na milimita usizidharau. Milimita 1 ni lita 1 kwenye kila mita ya mraba, kwa hiyo wakisema mvua kubwa, yaani zaidi ya milimita 50 ndani ya saa 24, hiyo ni kama ndoo mbili na nusu za lita 20 umezimwaga kwenye kila mita ya shamba, na mashamba yetu ya milimani yako mteremkoni, maji hayapati muda wa kuzama, yanashuka bondeni na udongo mzuri wote wa juu.

Kingine, jumla haikwambii mvua imekujaje. Jua linaweza kuwaka wiki tatu mfululizo maharage yakiwa kwenye maua, maua yakapukutika yote, halafu Machi ikanyesha usiku na mchana, mwisho wa msimu ukijumlisha unapata wastani kabisa na debe la kuuza huna.

Kwa hiyo ukiipata ile taarifa usiishie kwenye neno wastani, tafuta wiki ya kuanza, wiki ya kuisha na pale walipoandika vipindi virefu vya ukavu, halafu fuatilia na zile taarifa zao za kila siku kumi.