Ua limeanguka uani

Sentensi hiyo ya maneno matatu imebeba maneno mawili yanayoandikwa sawa, yanayotamkwa sawa, na hayana undugu wowote. Ua la kwanza ni la kunusa, na wingi wake ni maua. La pili ni uwanja wenye wigo nyuma ya nyumba, pale pa kuanikia nguo na kuoshea vyombo. Wingi wake ni nyua. Upatanisho unayatenganisha mara moja: ua limechanua, ua umefagiliwa.

Ninapotafuta asili ya neno, naanzia hapo kwenye wingi na upatanisho, kabla ya kufungua kamusi. Anayeanzia kwenye sauti atawapa undugu watu baki.

Ukiwa uani, hatua inayofuata ni kuvua kiambishi. Mpera, mfenesi, mstafeli: ondoa m- ya mti, libaki tunda. Mwarobaini haukubali. Ukiuvua unabaki na arobaini, nambari tuliyoipata kwa Waarabu, na hakuna anayeita tunda lake hivyo. Mti huu umeitwa kwa sifa ya kutibu maradhi arobaini, ndiyo maana jina halikupitia kwenye tunda.

Kisha uliza neno lina maana gani kule lilikotoka. Hapa ndipo wengi huteleza, kwa kudhani neno husafiri na kitu chake. Pera ni neno la Wareno, waliotuachia pia meza, bendera na leso. Lakini kwao pera ni tunda jingine kabisa, na hili letu wanaliita goiaba. Stafeli nalo limetoka Bara Hindi, kwenye sitaphal (phal ni tunda), ila sitaphal ya kule ni lile tunda dogo la mafundomafundo tunaloliita topetope. Mstafeli wenyewe asili yake ni Amerika ya joto. Mti wa bara moja, jina la bara jingine! Kwangu hakuna mti wa uani wenye utamu kama huu, na sisemi nyama yake tu.

Utazame basi kwa karibu. Ua lake ni nene, la rangi ya kijani iliyochanganyika na manjano, na hutokea hata kwenye shina lenyewe. Sehemu ya kike huwa tayari kabla chavua haijaanza kumwagika, kwa hiyo ua hutegemea wadudu wadogo walete chavua ya ua jingine. Kila mwiba laini wa stafeli ni alama ya kifuko kimoja cha mbegu. Upande uliokosa chavua hauvimbi, na tunda hupinda kama figo. Wengi hudhani ni ugonjwa, wakapulizia dawa, na dawa ikaua wadudu walewale waliohitajika. Ni afadhali kuchukua brashi laini, kukusanya chavua kwenye ua linaloimwaga, na kuipaka katikati ya ua lililofunguka karibuni, pakiwa bado pananata.

Lichume kijani kikianza kufifia na miiba ikiachana, likingali gumu. Liweke ndani siku nne au tano, mpaka libonyee kwa kidole. Ukilisubiri liivie mtini, litaanguka na kupasuka, au popo watakutangulia.