Faili liko sahihi, programu haisikii

Msimu mmoja wa korosho, karani wa ghala moja wilayani Tandahimba alinipigia simu. Kwenye faili la mipangilio ya programu ya mizani alikuwa ameandika hifadhidata=msimu, akazima na kuwasha mara tatu, lakini uzito wa magunia uliendelea kuingia kwenye hifadhidata ya mazoezi. Nilimwomba aandike amri printenv HIFADHIDATA kwenye dirisha la amri lile lile analowashia programu. Likatokea neno moja: mazoezi. Lilikuwa limebaki tangu mafunzo ya asubuhi.

HIFADHIDATA hiyo ni kigeu cha mazingira: jina na thamani ambavyo programu hukabidhiwa inapowashwa. Kwenye Unix, mfumo endeshi wa kompyuta, vipo tangu toleo la 7, mwaka 1979. Programu nyingi husoma faili kwanza, kisha vigeu, kwa hiyo kigeu hushinda. Lakini si sheria; kila mtengenezaji hupanga anavyotaka, ndiyo maana tunawasihi mpime kipi kinashinda kabla ya mnada wa kwanza.

Weka thamani tofauti kila mahali: faili liseme msimu, kigeu kiseme mazoezi. Ukiweka neno moja kote, hutajua jibu limetoka wapi. Washa, tazama imeunganishwa wapi. Kisha futa kigeu kwa amri ya unset, uwashe tena. Halafu kiache kitupu, export HIFADHIDATA= bila kitu mbele; hapa ndipo wengi huruka. Programu nyingine huona utupu ni sawa na kutokuwepo, ikarudi kwenye faili. Nyingine huupokea kama thamani, ikaanza kutafuta hifadhidata isiyo na jina. Kumbuka pia kwamba kigeu ni maandishi tu: ukiandika false (si kweli), lugha ya programu ya Python huyahesabu kuwa kweli, kwa sababu si matupu, mpaka mtengenezaji ayatafsiri.

Pimeni kwa njia ile ile programu inavyowashwa siku ya kazi. Ikiwashwa na systemd au cron, zana za mfumo zinazowasha programu zenyewe, vigeu vya dirisha lako haivioni. Na iliyokwisha kuwaka haipati mabadiliko ya nje; ina nakala yake.

Karani alifuta kigeu, akawasha, akapandisha gunia. Uzito ukaingia kwenye msimu. Magunia yaliyotangulia tuliyahamisha moja moja, tukilinganisha na stakabadhi za wakulima, mpaka jua likazama.